Gegedu Linapolika: Tiba za Zamani na za Sasa kwa Magoti ya Kizuka

Kazi za Kizuka zinakula magoti. Kizuka ni zoni ya komini ya Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, na Rumonge ndiyo nchi ya mawese. Mwanamume anapanda mchikichi kwa kamba iliyomzunguka yeye na shina, anakata mkungu wa ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kwa panga, kisha anashuka akiukanyaga mti kwa miguu iliyokunjwa. Mkungu uliojaa unaweza kufika kilo 20. Mwanamke anautwika kichwani na kuteremka nao mpaka kwenye kinu. Huko kinuni vijana wanasukuma mti wa skrubu wakizunguka saa baada ya saa, na akina mama wanachuchumaa kupasua mise, yaani kokwa za mchikichi. Wa ziwani nao wanavuta nyavu usiku, wanasukuma mitumbwi mchangani alfajiri, na wake zao wanainama kuanika ndagala.

Baada ya miaka 30 ya kazi za namna hiyo goti huanza kudai haki yake. Linakakamaa asubuhi, linalia likikunjwa, linavimba baada ya safari ya mlimani. Hapo ushauri humiminika. Kula bamia. Kunywa supu ya kongoro. Nenda kaumikwe. Kachomwe sindano mjini. Mwambie mwanao aliyeko Ulaya akutumie vidonge. Uza kipande cha shamba ukabadilishwe goti ng'ambo. Kila ushauri una mtu anayeuapia, na mgonjwa ana pesa ya kujaribu mmoja au miwili tu.

Kwa sababu hiyo nimeona ni muhimu kuziweka tiba hizi zote kwenye mizani moja. Hoja yangu ni kwamba kuzigawa kuwa za asili na za kisasa hakumsaidii mgonjwa kuchagua. Kila upande una zinazofaa na zisizofaa. Baadhi ya zile mpya na za bei kubwa zimeshindwa kwenye majaribio, ilhali tiba yenye ushahidi wa kutosha kwa goti lililolika inaweza kufanyika barazani kwa mtu, Kizuka hapo hapo. Maswali ya kuuliza ni matatu: tiba hii inagusa nini, gegedu lenyewe, maumivu, au misuli? Inamfaa mwenye uharibifu wa aina gani? Na imepimwa kwa kulinganishwa na nini?

Kwa nini gegedu haliponi

Gegedu ni utando mweupe na mtelezi unaofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Kwenye goti unene wake ni milimita chache, kati ya 2 na 4 katika sehemu nyingi. Uzito wake mwingi ni maji. Kinachobaki ni nyuzi za kolajeni na molekuli zinazoyashika maji hayo. Seli hai ndani yake ni chache mno. Halina mishipa ya damu wala neva. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo: mtu akikanyaga, gegedu linaminywa kama sifongo na kutoa taka, akiinua mguu, linafyonza ute wenye lishe.

Maumbile hayo yana matokeo mawili. Kwa kuwa hakuna neva, gegedu huanza kuharibika kimya kimya, na maumivu yanayokuja baadaye hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye ngozi ya ndani ya kiungo, na kwenye kano. Ndiyo maana dawa inaweza kuondoa maumivu bila kugusa gegedu hata kidogo. Na kwa kuwa hakuna damu, hakuna donge la damu, hakuna seli za ukarabati zinazofika, hakuna kovu. Daktari William Hunter aliieleza Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Tiba nyingi zilizobuniwa tangu hapo ni jitihada za kumshinda Hunter.

Jambo la pili la kushika ni kwamba uharibifu ni wa aina mbili. Kijana wa miaka 22 aliyeumia kwenye mpira anaweza kuwa na tundu moja kwenye gegedu, kama sentimita mbili mraba, na pembeni yake gegedu zima. Mkata mikungu wa miaka 58 ana gegedu lililosagika goti zima, mfupa wa chini umekuwa mgumu na kuota vipembe, misuli ya paja imenyong'onyea. Huu wa pili ndio osteoathritisi, ambao Waswahili wengi huujumuisha kwenye baridi yabisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa nao, wengi wao wanawake, na goti ndilo lililoongoza. Karibu kila ahadi ya kuotesha gegedu upya ilijengwa kwa ajili ya kijana mwenye tundu, halafu ikatangazwa kwa mzee mwenye goti lililosagika. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza pesa zao.

Kazi ina sehemu yake katika ugonjwa huu. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba wanaume waliofanya kazi za kukunja goti na kubeba mizigo walikuwa na hatari karibu maradufu. Huko Beijing, mwaka 2004, watafiti walikuta kwamba wazee waliochuchumaa saa nyingi ujanani walikuwa na magoti yaliyoharibika zaidi. Mama aliyechuchumaa akipasua mise tangu utotoni yumo kwenye hesabu hiyo.

Kwanza ijulikane ni nini

Kabla ya tiba yoyote, goti linapaswa kutazamwa na mhudumu wa kituo cha afya, kwa sababu si kila goti linaloumwa limelika. Goti lililovimba ghafla, lenye moto na homa, linaweza kuwa na usaha; hilo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kwani vijidudu hulimaliza gegedu kwa siku chache. Kifua kikuu huweza kukaa kwenye kiungo. Mtoto mwenye viungo vinavyovimba kwa kupokezana baada ya maumivu ya koo anaweza kuwa na homa inayokuja kuharibu moyo. Jongo huamsha mtu usiku kwa maumivu makali. Selimundu, ambayo hupatikana katika nchi nyingi za malaria, huua mfupa wa nyonga, na maumivu yake mara nyingine husikika gotini.

Osteoathritisi ina dalili zake. Umri kwa kawaida ni zaidi ya miaka 45, maumivu huja na kazi na kupungua kwa kupumzika, na ukakamavu wa asubuhi hauzidi nusu saa. Dalili hizo zikikamilika, mara nyingi utambuzi hauhitaji hata picha.

Jikoni, kwa mkandaji na kwa mganga

Watu wengi wa mwambao huu walikimbilia Tanzania mwaka 1972 na kukaa huko miongo mitatu na zaidi, wengi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliorudi walileta Kiswahili chao pamoja na maarifa ya nyumbani ya pande zote mbili za ziwa. Kati ya hayo hakuna linalosikika sana kama la bamia. Bamia huteleza, ute wa goti huteleza, basi watu husema anayekula bamia anarudisha ute ulioisha.

Bamia ni mboga nzuri, lakini utelezi wake ni nyuzi za sukari ambazo hazivuki tumboni kwenda gotini. Ute wa kiungo hutengenezwa na ngozi ya ndani ya kiungo chenyewe. Isitoshe, goti lililolika mara nyingi lina ute mwingi kuliko kawaida. Uvimbe ule ulio juu ya pia ya goti ndio huo ute, umekuwa mwepesi na umejaa. Kongoro nalo lina kolajeni, lakini tumbo huivunja vipande vidogo kama linavyofanya kwa nyama yoyote, na mwili huvipeleka unakotaka. Vyakula hivi viliwe kama vyakula. Kosa ni kuvisubiri vitibu huku misuli ikizidi kunyauka.

Ukandaji una hoja yenye nguvu zaidi. Kitambaa cha maji ya moto na mkono wenye nguvu uliopakwa mafuta ya mise hulegeza misuli ya paja iliyokaza na kutuliza neva. Majaribio yaliyofanyika Marekani tangu mwaka 2006 yameonyesha kwamba ukandaji hupunguza maumivu ya goti kwa muda na kumrahisishia mtu kutembea. Haugusi gegedu, na mkandaji mwaminifu hatadai hivyo. Faida yake kubwa ni kumpa mgonjwa saa chache za unafuu ambazo anaweza kuzitumia kufanya mazoezi.

Pilipili nayo imepimwa. Kiini chake kinachowasha, kapsaisini, kikitengenezwa kuwa krimu na kupakwa kila siku, huchosha neva zinazobeba maumivu, na miongozo kadhaa ya nchi tajiri huitaja kama msaada kwa goti. Kusaga pilipili mbichi na kuibandika ni jambo jingine: kipimo hakijulikani na ngozi huungua. Tangawizi na manjano yameonyesha unafuu mdogo katika majaribio madogo, na yakiwa jikoni hayana gharama ya kuogopesha.

Kuumika kwa pembe na kuchanja ndiko kunakonitia wasiwasi. Wembe ukitumika kwa watu wawili, homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupata njia, na jeraha karibu na kiungo linaweza kuingiza vijidudu ndani. Kikombe bila chale huacha alama na unafuu wa muda. Chale haziongezi kitu kwenye gegedu. Mganga anayependwa na watu wake anaweza kuombwa aache wembe bila kudharauliwa ujuzi wake.

Hatari iliyofichika zaidi ni unga au vidonge vinavyoitwa vya asili na vinavyoondoa maumivu kwa siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo vya aina hiyo vilivyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Mtu aliyezitumia kwa miezi huvimba uso, sukari hupanda, mifupa hudhoofu, na akiacha ghafla anaweza kuzimia. Mtishamba hautendi kwa kasi hiyo. Dawa ya mitishamba inayofanya muujiza usiku mmoja inastahili kushukiwa.

Vidonge na sindano za duka la dawa

Hospitali ina mapokeo yake pia, na si yote yaliyosimama imara. Parasetamoli, ambayo ndiyo hutolewa kwanza karibu kila mahali, imeonekana kusaidia goti lililolika kidogo sana. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu kwa kweli, lakini hutoboa tumbo, huchosha figo, huinua presha na kuongeza hatari ya moyo. Anayezinunua sokoni punje mbili mbili kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, mwaka baada ya mwaka, analipa kwa viungo vingine. Diklofenaki ya kupaka hufika gotini na huingia kidogo tu kwenye damu. Kwa wazee ndiyo miongozo mingi huiweka mbele.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza uvimbe kwa wiki kadhaa. Ikirudiwa hovyo hugeuka. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la wagonjwa 140 waliochomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu steroidi, nusu maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana, na waliopata steroidi ndio waliopoteza gegedu zaidi. Sindano moja kwa goti lililowaka ina nafasi yake. Kuifanya desturi ni kulila gegedu lililobaki.

Vidonge vya glukosamini, ambavyo ndugu walio nje hutuma kwa upendo mwingi, vilipimwa Marekani kwa watu 1,583 katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006. Kwa jumla havikushinda kidonge kisicho na dawa. Sindano za asidi ya hialuroniki, zile watu huziita za kuongeza ute, zilichambuliwa mwaka 2022 katika jarida la BMJ kwa kukusanya majaribio 169. Nafuu iliyozidi ya sindano ya bandia ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa asingeitambua, na madhara yaliongezeka. Anayefikiria kuuza mbuzi kwa ajili yake asimuuze.

Kuchokonoa, kuhamisha, kuotesha

Kwa miaka mingi madaktari wa mifupa waliingiza kamera gotini, wakaosha na kukwangua gegedu lililochakaa. Mwaka 2002 huko Houston, Bruce Moseley na wenzake waligawa wagonjwa 180 makundi matatu. Kundi moja lilioshwa, la pili lilikwanguliwa, la tatu lilichanjwa ngozi tu na kushonwa, bila kujua. Miaka miwili baadaye wote walikuwa sawa. Upasuaji uliofanyiwa mamia ya maelfu ya watu kila mwaka haukuwa na faida kwa osteoathritisi ya goti. Nalitaja jaribio hili kwa sababu linatufundisha kwamba mgonjwa kusema amepona hakutoshi kuthibitisha tiba, iwe imetoka kwa mganga au kwa profesa.

Kwa kijana mwenye tundu habari ni tofauti. Mwingereza Kenneth Pridie alieleza mwaka 1959 njia ya kutoboa mfupa ulio chini ya gegedu ili damu itoke. Miaka ya 1980 Mmarekani Richard Steadman aliiboresha njia hiyo. Kupitia kamera, daktari husafisha kingo za tundu mpaka zisimame wima, kisha kwa msumari mwembamba huchokonoa mfupa vitundu vilivyoachana milimita tatu au nne. Matone ya damu na mafuta ya uboho hupanda na kuganda juu ya tundu. Donge hilo hugeuka kuwa tishu ngumu ya kovu. Hiyo ni nyuzi za aina nyingine, dhaifu kuliko gegedu lenyewe. Kwa wengi hufaa miaka michache, kisha nguvu yake hupungua. Uzuri wake ni kwamba haihitaji maabara, na hospitali yenye kamera ya kiungo inaweza kuifanya.

Njia ya pili ni kuhamisha. László Hangody wa Hungaria alianza mwaka 1992 kuchota vijiti vidogo vya mfupa na gegedu kutoka pembeni mwa goti, pasipobeba uzito, na kuvipandikiza kwenye tundu. Gegedu ni la kweli, ila la kuchota halitoshi tundu kubwa.

Njia ya tatu ndiyo iliyotikisa ulimwengu. Huko Göteborg, Uswidi, Lars Peterson na Mats Brittberg walichota kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa mwaka 1987, wakazizalisha seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakazirudisha gotini. Matokeo ya wagonjwa 23 yalichapishwa mwaka 1994. Leo seli hizo hupandwa kwenye kitambaa cha kolajeni kinachokatwa kwa umbo la tundu. FDA ilikiruhusu Desemba 2016, na mwaka 2017 Uingereza iliikubali tiba ya seli kwa tundu linalozidi sentimita mbili mraba, kwa goti ambalo halijalika sana.

Je, imeshinda ile ya kuchokonoa? Majibu yanagongana. Jaribio la Ulaya la watu 144, lililochapishwa mwaka 2014, lilionyesha kwamba kwa matundu makubwa kitambaa chenye seli kiliwapa nafuu zaidi baada ya miaka miwili. Wanorwe walikuwa wamegawa watu 80 kati ya njia ya Göteborg na ile ya Steadman, wakawafuatilia miaka 15. Hawakuona tofauti ya maana, na takriban nusu ya watu wa kila upande tayari walikuwa na dalili za osteoathritisi kwenye picha. Tiba yenyewe huhitaji upasuaji mara mbili, maabara maalumu, magongo kwa wiki nyingi na mazoezi ya karibu mwaka. Gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa mchezaji kijana inaweza kuwa tumaini halali. Kwa goti lililosagika lote haikubuniwa, na daktari anayemuuzia mzee wa miaka 60 anauza kitu ambacho wenye kukibuni hawakumkusudia.

Damu iliyochujwa na seli shina

Zahanati za miji mikubwa, kutoka Nairobi hadi Dubai, sasa hutangaza sindano mbili. Ya kwanza ni ya damu ya mgonjwa mwenyewe, iliyozungushwa kwenye mashine mpaka chembe sahani zikabaki nyingi. Mwaka 2021 watafiti wa Australia waliwapa watu 288 damu hiyo au maji ya chumvi. Baada ya miezi 12 maumivu yalikuwa sawa, na gegedu liliendelea kupungua sawasawa.

Ya pili ni ya seli shina, za uboho, za mafuta ya tumbo au za kitovu cha mtoto. Korea Kusini iliruhusu dawa ya seli za damu ya kitovu mwaka 2012, ikipandikizwa kwa upasuaji. Lakini sindano za kawaida zilipowekwa kwenye jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2023, lenye watu zaidi ya 400, aina tatu za seli hazikuishinda sindano ya steroidi baada ya mwaka mmoja. Sayansi hii ina haki ya kuendelea, na huenda siku moja ikampa mkata mikungu gegedu jipya. Hiyo siku haijafika, na anayetoza pesa leo kana kwamba imefika anakosea.

Mfupa kunyooshwa, goti kubadilishwa

Kati ya tiba za kisasa, zilizo na rekodi ndefu ni zile ambazo hazijaribu kuotesha chochote. Mtu ambaye miguu yake imepinda kwa nje huchakaza upande wa ndani wa goti. Daktari akikata mfupa wa muundi na kuunyoosha kwa bamba la chuma, uzito huhamia upande mzima, na mtu anaweza kurudi shambani kwa miaka mingi. Kwa mwanamume wa miaka 45 anayeishi kwa jasho lake, nadhani upasuaji huu unazungumziwa kidogo mno.

Goti la bandia ni la hatua ya mwisho. John Charnley alifungua njia kwa nyonga huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962. Goti kamili la aina tunayoijua lilianza New York mwaka 1974. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika The Lancet yalikadiria kwamba magoti 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano, hata hivyo, huwa hakuridhika. Ukanda wetu hauko nje ya habari hii. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, hubadilisha magoti na nyonga Dar es Salaam. Malawi, nchi isiyo tajiri kuliko majirani zake, ina daftari la kitaifa la viungo vya bandia tangu mwaka 2005. Daftari hilo ni la kuigwa: kila kiungo kinaandikwa, na kinachoshindwa kinajulikana. Mgonjwa wa Kizuka atakayefika hatua hiyo aulize hospitali inafanya magoti mangapi kwa mwaka, na nani atamsimamia mazoezi akirudi nyumbani.

Tiba ya barazani

Inabaki tiba ambayo miongozo ya kimataifa, ikiwemo ya taasisi ya NICE ya Uingereza ya mwaka 2022, huiweka mbele ya vidonge na visu: kuimarisha misuli, kupunguza uzito unaolibana goti, na kumfundisha mgonjwa. Denmark iliijenga kuwa mpango wa nchi nzima mwaka 2013, wiki sita za mazoezi ya kikundi. Mazoezi hayaoteshi gegedu. Misuli ya paja ikiwa imara, kila hatua hupokelewa na msuli kabla ya kufika mfupani, na kukanyaga kwa kiasi ndiko kunakolilisha gegedu lililobaki. Unafuu wake unalingana na wa vidonge vya maumivu, bila kutoboa tumbo.

Mtu hukaa kwenye kiti kigumu, ananyoosha mguu mmoja mbele, anakaza paja na kuhesabu mpaka tano, anashusha polepole. Mara kumi kila mguu. Kisha anasimama kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, na kukaa tena taratibu, mara kumi. Akishindwa, anaweka mto chini. Kisha anapanda na kushuka kizingiti cha mlango akishika mwimo. Anafanya hivyo siku tatu au nne kwa wiki. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayadhuru, ikiwa kesho yake goti halijavimba. Kinachomshinda mtu ni wiki mbili za mwanzo. Faida hujitokeza kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, baada ya wengi kukata tamaa.

Mzigo ni nusu ya pili ya tiba. Madaktari wa Berlin waliweka vihisio ndani ya magoti ya bandia, wakapima: kwenye tambarare goti hubeba takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili, na kushuka ngazi karibu mara 3.5. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulikuta kwamba kila kilo inayopungua mwilini hulipunguzia goti kilo nne kwa kila hatua. Mtu mnene apunguze unene, hilo ni wazi. Lakini kwa akina mama wengi wa Kizuka ambao si wanene, uzito wa kupunguza uko kichwani. Mkungu uende kwa toroli au baiskeli ya kusukuma. Mise ipasuliwe kwenye kigoda badala ya kuchuchumaa. Anayeumwa goti la kulia ashike fimbo mkono wa kushoto, na asione aibu: fimbo inaweza kupunguza maumivu.

Hukumu

Nikizipanga kwa faida ya mtu wa Kizuka mwenye goti lililolika, mwanzo wake ni utambuzi sahihi, mazoezi, mzigo mdogo na fimbo. Ukandaji na dawa ya kupaka hufuata kama wasaidizi. Vidonge vikali vitumike kwa siku chache na kwa ushauri. Sindano moja ya steroidi iwe kwa goti lililowaka, si kwa kawaida. Bamia na kongoro yabaki mezani. Sindano za ute, za damu iliyochujwa na za seli shina zisiuziwe shamba. Kunyoosha mfupa kufikiriwe mapema kwa wenye miguu iliyopinda, na goti la bandia kwa aliyefika mwisho. Kijana mwenye tundu la mpirani ndiye pekee ambaye matundu ya Steadman na seli za Göteborg yanamhusu.

Mpango huo unahitaji watu zaidi kuliko mashine. Mtaalamu mmoja wa mazoezi-tiba katika hospitali ya Rumonge, akifundisha wauguzi wa vituo vya afya mazoezi matatu na dalili za hatari, angefikia magoti mengi kuliko chumba chochote cha upasuaji. Vyama vya wakulima wa michikichi, ambavyo hununua mapanga na madumu kwa pamoja, vinaweza kununua matoroli na vigoda. Waganga na wakandaji, ambao ndio huonwa kwanza, waalikwe kwenye mafunzo hayo hayo, waache wembe na waendelee na mikono yao. Bima za umma, ikiwemo kadi ya msaada wa matibabu (CAM) ya kaya za wakulima, zihesabu saa ya mazoezi kuwa tiba sawa na kidonge. Madai haya yote ni madogo, na ushahidi wake umekwisha kupatikana. Wakata mikungu na wapasua mise wana haki ya kuyapata sasa, kabla ya mtu mwingine kuuza shamba kwa ajili ya sindano.